Tangi la Kumbatizia Mama Fundi

Ukitaka kuujua udongo wa Uriri, vaa shati jeupe uzunguke nalo kutwa kwa miguu. Mimi nilizunguka hivyo karibu miaka miwili, Migori na Homa Bay, tai shingoni, beji kifuani na mwenzangu ubavuni, maana sisi wamisionari wa Kimormoni hatutembei peke yetu hata tukienda dukani kununua chumvi. Kila Jumatatu, siku yetu ya kufua na kupumzika, tulikuwa tukiinamia karai nyuma ya nyumba tuliyopangishiwa mjini Migori, tukisugua kola hadi vidole vinachubuka. Kola hazikuwahi kurudia weupe wake. Mama yangu mzazi, nilipompigia simu ya video siku hizo, aliikagua kola kwanza, kisha ndipo akauliza habari za afya yangu.

Mwenzangu wakati huo alikuwa kijana wa Kimarekani, mtoto wa wakulima wa viazi, mtu wa kuinama kila mlango. Kiswahili alifundishwa darasani, kwa hiyo alikizungumza kwa adabu kuliko sisi wenyewe. Mwendesha boda akimpandishia bei alisema, "Samahani sana, ndugu yangu, naomba tuelewane." Mimi ni Mtaita, mfupi, na nina hasira za karibu. Katika kazi mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake, mimi ndiye niliyekuwa nikimfundisha, lakini kila mlango uliofunguka watu walimsalimia kwanza yeye, odiero, yaani Mzungu, halafu wakaniuliza mimi kama nimelipwa kumtembeza. Nilikuwa nikitabasamu huku nimekaza meno. Yeye alikuwa akicheka mpaka anakaa chini, na usinielewe vibaya, nilimpenda kwa hilo.

Jumatatu ninayoikumbuka zaidi, simu ya pili ilitoka kwa kiongozi wetu wa misheni. Wiki inayofuata nilikuwa nahamishwa kwenda upande wa Bonde la Ufa. Uhamisho ni kawaida, tunaishi na begi mlangoni. Lakini nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sabuni ikinikaukia mikononi, nikiwaza jambo moja tu. Jumamosi hiyo ilikuwa ya mwisho kwangu, na Mama Fundi alikuwa amesema hatabatizwa na mtu mwingine ila mimi.

Mama Fundi alikuwa akishona nguo kwenye varanda ya duka lililofungwa pale senta ya Uriri. Tulimfahamu siku suruali ya mwenzangu iliponasa kwenye seng'enge ikapasuka kutoka mfukoni hadi gotini. Alimwingiza nyuma ya pazia, akamrushia leso ajifunge, akaishona ile suruali huku akicheka peke yake. Alipomaliza alituuliza tunauza nini.

"Hatuuzi kitu, Mama," nikamwambia.

"Kila mtu anauza kitu," akasema. "Semeni tu, mimi naskia."

Basi tukasema. Alisikiliza bila kuacha kukanyaga cherehani, kama mtu anayesikiliza redio. Tukarudi wiki iliyofuata, na nyingine. Alituwekea benchi. Chai hatunywi, dini yetu inatukataza, na katika nyumba za huko kukataa chai ni kama kukataa mkono wa mtu, lakini yeye hakununa. Alituchemshia maji akatia sukari, akasema hata mtoto mgonjwa hupewa hivyo. Chakula chake kilikuwa maharagwe na mboga za managu. Ilinichukua muda kutambua kwamba kwake hakukuwa na samaki kamwe, si mbichi, si mkavu, wala omena, wale dagaa wa ziwani, wa kukaangia mboga. Mjaluo wa ziwani asiyekula samaki ni jambo la kuuliza, nami nikauliza.

Kwao ni Sindo, ukingoni mwa ziwa. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, aliyekuwa akitoka na wenzake kuvua omena. Mtumbwi ulipinduka. Wenzake walirudi, yeye hakuonekana. Walimtafuta ufukoni kote mpaka Kisegi na kupita, hawakumpata. Mwishowe jamaa walizika tunda la yago, lile tunda refu, zito, la mti wa porini, ambalo Wajaluo hulizika mahali pa mtu ambaye mwili wake umekosekana. Matanga yalipokwisha Mama Fundi alifunga cherehani yake akahamia Uriri, kwa sababu ukisimama Uriri ziwa halionekani upande wowote. Tangu hapo hakurudi, hakula samaki, na hakuligusa ziwa hata kwa kunawa.

Kwa hiyo siku tulipomfundisha kwamba kifo hakivunji jamaa, kwamba mama atakuwa na mwanawe tena, mguu wake ulisimama juu ya cherehani.

"Hata mwenye hakuzikwa?" akauliza.

"Hata yeye, Mama."

"Nyinyi ni watoto. Mnasema hivyo kwa sababu mmetumwa."

"Nimetumwa," nikamwambia, "lakini naamini."

Akarudi kwenye mshono wake. Sikujua kama nimemsaidia au nimemuumiza. Siku chache baadaye alisema atabatizwa, na atakayembatiza ni mimi, huyu mfupi, kwa sababu huyu mrefu atamwangusha. Halafu akatoa sharti lake. "Lakini nam, hapana. Kwa hiyo maji siweki mguu."

Nam ni ziwa, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Sisi hatunyunyizii mtu maji kichwani. Mtu huzamishwa mwili mzima, mara moja, na mashahidi wawili husimama kushuhudia. Kikibaki kidole cha mguu nje, au kiwiko, au nywele, shahidi hutikisa kichwa na kazi inaanza upya. Tawi letu la kanisa lilikuwa likikutana katika ukumbi wa kukodi, wala halikuwa na kisima cha ubatizo. Waumini wake wote walikuwa wamebatizwa ziwani.

Jumanne nilimweleza kiongozi wa tawi, mwenye kinu cha kusaga unga. Yeye alikuwa na tangi jeusi la plastiki lililopasuka upande wa juu, limelala nyuma ya kinu likifugiwa kuku. Tulilikata sehemu ya juu kwa msumeno, tukalisugua kinyesi cha kuku, tukalibingirisha hadi ua wa Mama Fundi huku watoto wakitufuata kama harusi. Mama Fundi alilizunguka, akaligonga kwa vidole. "Hii iko sawa," akasema. "Hii haina shimo ya kupeleka mtu mbali."

Ikabaki kulipima. Mwenzangu hakuweza hata kujaribu, alivyosimama ndani alionekana kama mwiko ndani ya sufuria. Basi nikaingia mimi, nikachuchumaa, nikalala kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa chini. Nilienea vizuri, na nafasi ikabaki.

"Lakini Mama ni mrefu kuliko wewe," akasema mwenzangu, kwa upole wake wa darasani.

Kati ya yote aliyoweza kusema, alichagua hilo. Nilimjibu kwamba mtu akikunjwa, urefu si hoja. Kiongozi wa tawi, mtu asiyependa ugomvi, alisema tangi ni zuri. Tukaenda zetu tukala ndizi.

Alhamisi tulikuwa na kazi nyingine, kuwatembelea waumini wagonjwa na kupigiwa hesabu ya dini na mzee mmoja Mkatoliki aliyetupenda sana na kutukosoa kila wiki. Alasiri tukapitia kwa Mama Fundi, naye akataka kuonyeshwa itakavyokuwa. Tukasimama uani, nchi kavu. Nilimwonyesha jinsi atakavyonishika mkono kwa mkono wake mmoja na kujibana pua kwa mwingine, na jinsi mkono wangu utakavyokuwa mgongoni mwake. Nikamwambia alegee, aniachie uzito. Alijaribu, lakini mwili wake ulikauka. Nilipomlaza kidogo tu, alinishika tai akainuka nayo nusura aninyonge.

"Siwezi kuanguka nyuma," akasema. "Mwili inakataa."

"Ni maji ya tangi tu, Mama. Yanaishia kiunoni."

"Najua ni ya tangi." Alikaa kwenye benchi akijipepea na kipande cha kitambaa. "Kichwa inajua. Mwili haijui."

Mwenzangu alikaa karibu naye kimya, jambo ambalo kila mara alilijua kuliko mimi. Mimi nilikuwa tayari nawaza Jumamosi, na nini kitatokea nikihamishwa kabla hajabatizwa. Nilimjua. Angeendelea kuahirisha hadi tangi lipasuke tena, na yale aliyoniuliza kuhusu mwanawe yangebaki swali tu, akilikanyaga na cherehani yake kila siku peke yake. Nilikuwa nampenda yule mama, sina njia nyingine ya kulisema. Alikuwa akinikaripia kuhusu kola kama mama yangu.

Ijumaa ilikuwa siku ya maji. Majirani wa Mama Fundi walikuwa Wasabato, na Sabato yao huingia jua likitua Ijumaa. Jirani wa mlango wa pili, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alisema atatusaidia kuteka kwenye bomba la kisima, lakini kwa masharti. "Hiyo jua ikizama, mimi sibebi hata kikombe. Kwa hivyo mkimbie." Tukakimbia. Yeye na binti zake walibeba mitungi kichwani bila kuishika, wakipiga hadithi. Mwenzangu naye alitaka kubeba kichwani, na kila alipofika tangini alikuwa ameloa kuliko mtungi.

"Odiero," jirani akamwambia, "hiyo maji unapelekea nani? Barabara?"

Tangi lilijaa jua likiwa bado juu ya miti. Jirani alilichungulia, akasema Bwana ameona bidii yetu hata kama siku tumekosea, kisha akaenda kuoga. Mama Fundi alikuwa kwenye varanda akimalizia gauni lake jeupe. Ndani ya pindo alikuwa anashonea nati alizopewa kinuni, ili gauni lisielee. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alikuwa amelifikiria mwenyewe.

Jumamosi asubuhi tuliimba uani, watu kama kumi na tano. Nilikuwa nimevaa nguo nyeupe, nikaingia kwanza. Kisha Mama Fundi akapanda kigoda, akavuka ukingo, akashuka ndani, na maji yakapanda yakamwagika pande zote, kazi ya jirani ikaenda kwenye migomba. Alichuchumaa. Nilinyanyua mkono wa kulia, nikasema maneno yanayosemwa, nikamlaza.

Alizama kichwa na mabega, na magoti yakatoka nje, yote mawili. Mwenzangu, shahidi wa upande wa kushoto, akatikisa kichwa.

Mara ya pili niliyasukuma magoti chini, na paji la uso likabaki nje. Mara ya tatu nilijaribu kumlaza kimshazari. Kila kitu kilizama isipokuwa kiwiko, na alipoinuka alikuwa amekunywa maji, akakohoa mpaka nikaogopa. Mimi nilikuwa na hasira, nikilichukia lile tangi na kuuchukia upole wa uso wa mwenzangu, ambaye hakusema hata neno moja kuhusu urefu. Watoto juu ya ukuta walikuwa wakicheka. Kiongozi wa tawi alisogea akasema taratibu kwamba tunaweza kutafuta tangi kubwa zaidi, mwezi ujao labda.

"Tujaribu tena," nikasema.

"Wacha," akasema Mama Fundi.

Alikaa kwenye ukingo wa tangi, miguu ndani, maji yakimchuruzika. Aliyaangalia maji yale yaliyobaki.

"Hii ni kama kiatu ya mtoto," akasema. "Hainitoshi." Alijifuta uso. "Nimezama mara tatu na niko hapa."

"Mama, si lazima leo," nikamwambia. Kusema hivyo kuliniuma. "Nikienda, mwingine atakubatiza. Si lazima niwe mimi."

"Nani amekuuliza wewe?" Alikuwa ananiangalia, wala hakuwa anacheka. "Nipelekeni nam. Lakini si mahali pa watu wengine. Nipelekeni Sindo."

Hakuna aliyeuliza kama ana hakika. Mwenzangu alipiga simu kuomba ruhusa ya kutoka eneo letu, na kiongozi wa misheni aliposikia habari ya tangi alisema twende. Mwenye kinu alileta pikapu. Mama Fundi alikaa mbele na gauni lake lililoloa, amejifunga leso mbili, nasi nyuma na waumini wengine. Tulipofika Homa Bay na ziwa likajitokeza, niliangalia kupitia kioo cha nyuma. Alikuwa ameinamisha uso, anaangalia mikono yake. Alibaki hivyo njia nzima.

Sindo tulikuta wanawake wakianua omena kwenye nyavu zilizotandazwa mchangani. Jua lilikuwa kali. Wawili au watatu walimtambua, wakasimama. Mmoja wao, wa rika lake, alimjia, akamshika mikono yote miwili, wakaongea Kijaluo kwa sauti ya chini. Sikuelewa yote, wala sikutaka kuelewa. Kisha yule mwanamke akamvua leso, akazikunja, akazishika kifuani, akabaki pale ukingoni.

Lazima niseme kwamba mimi sijui kuogelea. Nimekulia milimani, na mmisionari hata akijua haruhusiwi kuogelea mpaka kazi yake iishe. Nilikuwa nimebatiza watu wengine katika ziwa hilo na kila mara nilipitia hofu ile ile ya mguu kukosa chini. Siku hiyo Mama Fundi alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu hadi vidole vyangu vikafa ganzi, na tulipoingia, sikujua nani anamwongoza mwenzake. Nati kwenye pindo zilivuta gauni chini. Aliendelea kutembea, polepole, mpaka maji yakafika kiunoni. Hapo alisimama.

"Hapa," akasema.

Mashahidi walisimama pande mbili, mwenzangu na mwenye kinu, suruali zimeloa. Nikainua mkono. Nikayasema yale maneno yote bila kukosea. Nikaweka mkono mgongoni mwake. Nilikuwa nimejiandaa kwa ule mwili mkavu wa Alhamisi, nikakaza mgongo wangu. Aliniachia uzito wake wote. Alikwenda nyuma kama mtu anayelala kitandani mwake, na maji yakamfunika, uso, nywele, magoti, vidole vya miguu, vyote. Mwenzangu aliitikia kwa kichwa. Mwenye kinu pia.

Nikamwinua. Kule ufukoni wakaanza kuimba. Tulikuwa tumeandaa taulo, na kwa kawaida mtu akishatoka majini hukimbilia taulo akicheka na kutetemeka. Mama Fundi hakwenda popote. Alijifuta macho, akasimama pale pale, ameinamisha kichwa upande mmoja. Nilidhani maji yamemwingia sikioni.

"Mama, uko sawa?"

"Huko chini hakuna kelele," akasema.

Sikumwelewa. Alikuwa haongei nami hasa. Alikuwa anayaangalia maji yaliyokuwa mbele yetu.

"Hii miaka yote, nikilala, namsikia akiita," akasema. "Nilijua huko chini ni kelele tu. Anaita, anaita, na mimi siko." Alivuta pumzi. "Ni kimya, nyathina. Huko chini ni kimya kabisa."

Nyathina ni mwanangu. Nililia pale majini, na beji ikiwa ufukoni na shati jeupe limenigandama mwilini, nililia bila kujificha. Niliendelea kumshika mkono, watu wakiimba nyuma yetu, mpaka mwenyewe aliposema sasa tutoke.